Salamu Tulizozisafisha Njiani

Nilikuwa katibu wa chama katika kata yetu ya Ilemela kwa miaka kumi na moja. Katika miaka yote hiyo nilishika kipaza sauti kwa ajili ya kukijaribu tu: "Moja, mbili. Moja, mbili." Kazi yangu ilikuwa kupeleka barua ya mkutano polisi, kuhakikisha jenereta lina mafuta, kutafuta viti na turubai, na kujua nani hasalimiani na nani ili nisije nikawakalisha pamoja. Muda uliobaki nilishona nguo kwenye kibaraza changu Pasiansi.

Mwenzangu katika kazi hizo alikuwa mama mmoja wa Kisukuma, mkunga mstaafu. Kwenye orodha ya kamati aliandikwa "mjumbe", basi, wala hakuwa na cheo kingine, kwa hiyo tulimwita Mama Mjumbe. Nusu ya vijana wa kata aliwapokea yeye walipozaliwa. Kijana akitaka kuhamia chama kingine, Mama Mjumbe alikwenda kwao, akanywa uji, akauliza habari za mifugo, na akiaga, kijana alikuwa ameshabadili mawazo. Siasa yenyewe hata haikutajwa.

Waliojulikana na watu walikuwa wengine wawili. Wa kwanza alikuwa mwenyekiti wetu, mzee aliyekuwa fundi mitambo katika kiwanda cha kuchambua pamba, mtu wa maneno machache na kofia ya pama. Wa pili alikuwa mwenezi wetu, msemaji wa chama, mwanamke wa miaka thelathini na kitu mwenye duka la vifaa vya ujenzi. Huyo alipoanza kuhutubia, hata waliokuwa wanapita kwenda sokoni walisimama.

Sasa siku moja tulikuwa na mkutano wa hadhara, na kibali kilisema mwisho saa kumi na mbili jioni. Mwenezi alipanda jukwaani saa tisa. Akasema maji, akasema barabara, akasema zahanati, watu wakawa wanapiga vigelegele naye anazidi kunoga. Mimi nikamwonyesha saa. Nikamwonyesha tena. Alipomkabidhi mwenyekiti kipaza sauti, mzee akavua kofia, akakohoa, akasema, "Ndugu wananchi..." na askari akatuashiria kwamba muda umekwisha. Mzee akavaa kofia yake, akashuka, akaenda nyumbani kwa miguu.

Tangu hapo hawakusemezana. Kwenye vikao mwenezi alimwamkia, "Shikamoo, mzee," naye aliuitikia ukuta, "Marahaba." Ajenda zikawa haziendi. Wanachama wakaanza kugawanyika, hawa wa mzee, hawa wa mwenezi, na tulikuwa tumebakiza miezi michache kufika uchaguzi wa serikali za mitaa.

Ikawa kila mmoja ananituma kwa mwenzake. Mzee alianza.

"Mwambie huyo binti, mdomo wake ni kama mashine ya kusaga. Inanguruma hata kama hakuna mahindi."

Niliondoka nikiwa na mzigo huo, nikapitia kwa Mama Mjumbe. Alikuwa anachambua mchele kwenye ungo. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Hiyo utamfikishia hivyo hivyo?"

"Si nimetumwa, mama?"

"Umetumwa salamu, mwanangu. Mwambie mwenyekiti anasema sauti yake inafika mbali."

Nikaenda nikasema hivyo. Mwenezi akainua macho kutoka kwenye misumari aliyokuwa anapima. "Amesema hivyo?" Halafu akakumbuka hasira zake. "Basi mwambie kama amechoka, akapumzike na wajukuu wake." Kwa mzee hiyo ilifika hivi: mwenezi anakuulizia afya, anasema usijichoshe, familia inakuhitaji. Mzee alisugua kidevu, akasema ni kweli goti linamsumbua.

Tuliendelea hivyo kwa wiki kadhaa. Salamu zikitoka kwa huyu zikiwa chafu, tulizipitisha kwa Mama Mjumbe, zikatoka zimeoshwa na kunyooshwa. Vikao vikaanza kwenda. Mzee akapitisha bango alilolichora mwenezi. Mwenezi akampelekea mzee dawa ya kuchua goti, akiniambia nisiseme imetoka kwake. Nilisema. Nilijiona mwanadiplomasia, nakwambia.

Wakati huo daraja lilikuwa bado, watu wanavuka kwa kivuko kutoka Kigongo kwenda Busisi. Wenzetu wa ng'ambo walitualika kufungua tawi, na viongozi wote wawili walitakiwa. Nilipanga magari mawili, la mzee mbele, la mwenezi nyuma. Lakini foleni ya kivuko haijui itifaki. Magari yote mawili yaliingia kwenye safari moja, abiria tukashuka, na hao wawili wakajikuta wameegemea chuma kimoja wakitazama maji.

Mzee ndiye aliyeanza. "Nakushukuru kwa kuniulizia goti."

"Goti gani, mzee?"

"Si ulisema nisijichoshe?"

Nilikuwa hatua tano kutoka kwao pamoja na Mama Mjumbe, nikajifanya naangalia ndege weupe. Nikawasikia wanarudia salamu moja moja, hii ulisema? Hapana. Na hii? Hata! Kisha wote wawili wakageuka kututazama kwa pamoja, na hilo ndilo jambo la kwanza walilolifanya kwa umoja tangu siku ya mkutano.

"Ninyi wawili," mzee akasema, "njooni hapa."

Nilisema kama ni kujiuzulu, niko tayari. Mama Mjumbe yeye alikuja polepole, ameshika kikapu chake.

"Ndiyo, tulidanganya," alisema. "Nimepokea watoto miaka thelathini. Mtoto akitoka, nilikuwa namfuta kwanza, ndipo nampa mama yake. Hakuna mama aliyewahi kunilaumu."

Lakini mwenezi hakucheka. Macho yake yalikuwa yamelowa. "Mlinifanya mjinga," alituambia. "Nilikuwa nimeanza kumpenda mzee huyo wa kwenye salamu zenu. Kumbe hayupo."

Hapo ndipo niliposikia aibu ya kweli. Kuficha matusi tuliona ni wema. Hatukufikiri kwamba upole tuliomtungia mtu, mwenzake angeuamini moyoni.

Mzee alinivuta pembeni. "Mwambie nilikosa," aliniambia kwa sauti ya chini. "Nimemnunia mtoto wa watu kwa sababu ya kipaza sauti."

"Yule pale, mzee," nikasema. "Nenda ukamwambie mwenyewe."

Akaenda. Upepo ulikuwa mkali, sikusikia walichoongea. Niliona tu mzee amevua kofia.

Kule ng'ambo mwenezi alihutubia dakika ishirini, akakata katikati ya makofi, akamkabidhi mzee kipaza sauti na saa nzima ya kutumia. Mzee hakuwa na maneno ya saa nzima. Alizungumza dakika nne, akafungua tawi, akakaa. Watu walimshangilia kuliko wote, maana jua lilikuwa kali.

Baadaye kamati ilitaka kumpa Mama Mjumbe umakamu mwenyekiti. Alikataa katakata. "Makamu anakaa mbele," alisema, "na huko mbele huwezi kuona nani anaondoka." Mimi niliendelea na ukatibu mpaka macho yalipoanza kukataa herufi ndogo ndogo. Kuna msichana aliyepokea kazi hiyo. Juzi alikuja kibarazani kwangu amechoka, ametumwa maneno mazito na kiongozi mmoja kwa mwenzake, akaniuliza ayafanye nini. Nikamkaribisha kiti, nikamwambia awaite wote wawili, waje kwangu, chai ipo.