Chale za Usaili

Mimi shule nimeipita kwa nje, nikienda shamba. Ndiyo maana binti yangu alipomaliza chuo, kasomea mambo ya jinai, nilikuwa mtu wa kuogopwa Mbwara nzima. Nikikohoa tu, wezi wa kuku wanahama.

Kazi zenyewe alinieleza yeye. "Baba, hapa mtu anakuwa askari, mpelelezi, bwana jela, karani wa mahakama, au anasimamia wanaotumikia kifungo nje."

"Nje wapi?"

"Nje ya gereza. Mtu anafagia hospitali, jioni anarudi kwake."

"Kumbe! Mama yako anatumikia tangu nimemuoa, na kosa lake mpaka leo hatujalijua."

Akacheka sana. Siku zile alikuwa anacheka.

Maombi akatuma mpaka simu ikachemka. Kimya. Kwingine wakataka mzoefu. Uzoefu ataupata wapi, na huku kwetu jambazi sugu ni ngedere? Miaka ikaenda, ukabaki uaskari peke yake, nao una kikomo cha umri. Safari hii ndiyo ilikuwa ya mwisho kwake. Jina likatoka, aende Utete kwenye usaili. Nilipiga vigelegele mimi, mwanaume mzima na ndevu zangu.

Sasa, kwetu mtu hatoki kwenda kutafuta riziki hivi hivi kama mzigo wa kuni. Mama yangu, yaani bibi yake, akachukua wembe mpya, akamchanja chale mikononi na kifuani, akampaka dawa nyeusi. "Wakikuona wewe, mjukuu wangu, hawatamtazama mwingine."

Na kweli walimtazama. Kule wanakagua mwili, na sharti lao mtu asiwe na alama ya kuchora mwilini, na chale nyeusi wanazihesabu humo humo. Wasichana walikaguliwa chumbani na mama mmoja askari.

"Hizi nini, mdogo wangu?"

"Dawa ya bibi, afande."

"Na mimi bibi yangu alinichanja, lakini zilifutika utotoni. Zako mbichi, nyeusi kama lami ya Ikwiriri." Akageukia dirishani. "Vaa nguo, mama. Nenda nyumbani."

Basi. Bibi tukamwambia majina ya waliopita bado hayajatoka. Nani angemwambia vingine?

Sasa hivi tuko bondeni, mpunga umetoa masuke. Binti yuko juu ya dungu, kichanja chetu cha miti, anaamia ndege wasile mpunga toka alfajiri, kavaa mikono mirefu kwenye jua la kukaanga samaki. Mimi chini namtania: "Afande, majambazi hao, kushoto kwako!" Anapiga debe, ndege wanaruka. 

Juzi bibi yake kaja kutuletea chakula. "Jina bado tu? Basi dawa imelala hiyo. Shuka nikuongeze, wembe ninao."

Binti akanitazama. Nikaokota bonge la udongo, nikawarushia ndege. 

Akashuka ngazi, akakaa mbele ya bibi yake, akapandisha mikono ya blauzi.

"Niongeze, bibi. Chanja popote unapotaka."