Moshi wa Mwenzio

Jirani yangu, fundi cherehani, hatulii. Hushona kidogo, akainuka kufungua dirisha, akarudi, akainuka tena. Hajawahi kuvuta sigara, ila mumewe huvutia humo humo chumbani, miaka nenda miaka rudi. Leo nilimsindikiza hospitali. Daktari akasema ni saratani ya mapafu, na kwamba hata moshi wa mwenzio unaweza kubadili vinasaba vya seli zako. "Usimwambie shemeji yako," fundi alinisihi njiani, akikunjakunja ncha ya mtandio, "atajilaumu bure." Tukamkuta mumewe chumbani anawasha sigara nyingine. Fundi akakaa, akasimama. "Baba watoto, toka nje na hiyo." Mume akacheka. "Leo umeamkaje wewe?" "Nina saratani," akasema. Mume akaizima sigara kwa vidole vyake, wala hakushtuka kuungua.