Habari za Mwandishi Aliye Kwenye Eda

Mdogo wangu alipofiwa na mume, yeye aliingia eda, mimi nikabaki na wasomaji wake. Sisemi mzigo wangu ulikuwa mzito kuliko wake. Nasema tu kwamba wake ulikuwa haupigi simu alfajiri kuuliza sehemu mpya inatoka lini.

Yeye anaandika riwaya, anaitoa kipande kwa kipande kwenye grupu la simu. Mimi ni muuza vitenge sokoni Mtwara mjini, na kwa kuwa mdogo wangu hajui kubishana na watu, kazi ya kutoa habari ilikuwa yangu: sehemu mpya ni Ijumaa, sehemu mpya imeahirishwa, mwandishi ana mafua, umeme umekatika. Hiyo ya umeme niliitumia kuliko zote, na mara nyingine ilikuwa kweli.

Riwaya yenyewe ni ya enzi za misafara ya watumwa. Kuna mwanamke mfinyanzi anayeufunga mto Ruvuma kwa kamba ya ukindu ili watu wake wavuke, na kuna mvushaji mwenye mtumbwi anayempenda na hasemi. Mto una jina la siri. Ukilitaja mbele za watu, mto hautakudhuru wewe. Unamjaza maji mtu wako wa karibu mpaka afe. Mimi mto huohuo nauvuka pale Kilambo na marobota yangu, na sijawahi kuona ukidai kitu zaidi ya nauli. Lakini wasomaji waliipenda mno habari hiyo ya jina. Katika sehemu ya mwisho iliyotoka, mfinyanzi alilitaja. Mvushaji alikuwa katikati ya mto.

Mdogo wangu aliwaacha hapo, maana shemeji alizidiwa akalazwa. Ilikuwa ini. Tumbo lilimvimba mpaka ngozi inang'aa, madaktari wakawa wanamtoboa ubavuni na kuyatoa maji kwa mpira, yanashuka kwenye ndoo chini ya kitanda. Kwenye grupu nilitangaza tu kwamba mwandishi anauguza. Msomaji mmoja, mtu mwema kabisa, alikuja kumwona mgonjwa na mfuko wa machungwa. Aliitazama ile ndoo, akamtazama mdogo wangu, akaaga haraka. Kabla sijamaliza kumenya chungwa la kwanza, habari ilikuwa imefika kwenye grupu: mume wa mwandishi amejaa maji.

Alikufa wiki hiyo. Tulimzika kijijini kwao Ziwani, mdogo wangu akarudi kukaa eda Magomeni ya hapa mjini, nyumbani kwake, na mama wa marehemu akaja kukaa naye. Wasomaji walikuja kuhani, na walikuja vizuri, na mchele na sukari, wanawake wakaingia ndani kukaa naye mkekani. Mmoja alimshika mkono, akalia naye, akasoma dua yote mpaka amina, kisha akamsogelea sikioni: "Pole mwaya. Na yule mvushaji, ndiyo basi tena?"

Mdogo wangu alinisimulia hayo bila kucheka. Zamani angecheka.

Na huyo alikuwa na nafuu, aliuliza. Wengine hawakuuliza, walijua. Walisema mwandishi aliokota jina la mto kwa wazee, jina la kweli, akaligeuza hadithi ya kuuza, na mto umechukua wa kwake. Niliandika kwamba marehemu aliugua ini. Mtu akanijibu, "Ndiyo, kaka, na mto huingilia kwenye ini." Ukishafika hapo huna cha kubishana. Mimi naweza kubishana na mteja anayesema rangi itachuja, siwezi kubishana na anayesema kitenge kina jini.

Maneno hayatulii kwenye simu. Yalitoka humo yakapita kisimani, sokoni, yakamfikia mama mkwe, ambaye hasomi na Kiswahili anakizungumza kwa kukipitisha kwenye Kimakonde kwanza. Nilipokwenda kuwatazama nikakuta majiko mawili yanawaka uani. Nilihesabu tena, maana macho ya mtu aliyetoka juani hudanganya. Mawili. Kwenye moja mdogo wangu alipika wali. Kwenye jingine mama alichemsha mihogo aliyokuja nayo Ziwani, akaila peke yake, amegeukia ukuta. Alikuwa haonji chochote kilichopikwa na mkwewe.

"Tangu lini?" nikamuuliza mdogo wangu.

"Tangu aliposikia."

"Na wewe unamwachia tu?"

Alilikunja na kulikunjua pindo la nguo yake nyeupe. Kisha akaniambia jambo lililonitia hofu kuliko mihogo. Alisema anakumbuka kuliona tumbo la mumewe kwanza, likiwa bado dogo, na mume mwenyewe akifanya mzaha kwamba ananenepa. Ndipo yeye akaandika habari ya mtu anayejaa maji. Waandishi ndivyo walivyo, wanaokota vya nyumbani. Lakini kwa jinsi watu walivyosema na kurudia kusema, sasa hana hakika.

"Kaka, lipi lilitangulia? Niliona nikaandika, au niliandika likatokea?"

Huyu ni mtu aliyesoma mpaka kidato cha sita. Nilimwambia asiwe mjinga. Hakuonekana kusaidika.

Basi nikatoka kwenda kukaa na mama uani. Siku zote ukiitaka bidhaa huanzi na bei. Nilianza na mikorosho, kama maua yameshika. Nikaja kwenye mihogo, nikaisifu, akanipa kipande, nikala. Kisha nikauliza kama mtu anayeuliza njia, "Mama, hivi marehemu alianza kuumwa lini?"

"Kwani wewe umesikia nini?"

Nimekaa sokoni miaka ya kutosha kumjua mtu anayejibu swali kwa swali. Anakuwa na kitu chini ya meza. Niliendelea kutafuna, nikamwacha akae na swali langu. Alichochea moto ambao haukuhitaji kuchochewa.

Baadaye akaanza kusema, nusu Kiswahili, nusu Kimakonde, nami nusu hiyo ya pili naijua kwa sababu ya wateja. Mwanawe aliugua vilevile alipokuwa kijana. Macho yalikuwa manjano, tumbo likajaa, wakampeleka hospitali, wakaambiwa ini limeharibika, aangaliwe maisha yake yote. Akapata nafuu, akanawiri. Walipokuja kwetu kuposa, mama aliwaagiza watu wake wote, na mwanawe pia, wafunge midomo. Alitaka mwanawe apate mke.

Siku ile ya posa upande wetu msemaji nilikuwa mimi. Mimi ambaye kitenge nakigeuza nje ndani, nakinyoosha juani nitafute tundu, nakipima kwa mkono halafu kwa futi. Nilibishana nao mpaka juu ya idadi ya mikeka. Macho ya bwana harusi sikuyatazama.

Sikupata nafasi ya kukasirika, maana mdogo wangu alikuwa amesimama mlangoni, na kwa uso wake nilijua amesikia tangu mwanzo. Nilidhani atashusha pumzi. Swali lake lilikuwa limejibiwa. Ugonjwa ulitangulia, tena kwa miaka. Lakini alimtazama mama mkwe wake kama mtu asiyemjua.

"Mngeniambia," akasema, "ningempeleka tumbo likiwa dogo. Mimi nilicheka naye."

Mdogo wangu akarudi ndani.

Nilimfuata, nikamwomba ruhusa niwape wasomaji habari. Alisema niandike kwamba marehemu alikuwa na maradhi hayo tangu ujana, na nisiandike nani alijua na nani hakujua. Nikamwambia habari isiyokamilika ni kama kitenge cha yadi pungufu, mtu atakigundua akifika nyumbani. Akasema yule ni mama wa mumewe, na yuko kwenye msiba wa mwanawe, hatamweka mdomoni mwa watu. Nikaandika alivyotaka.

Walikigundua hicho kitenge pungufu. Kwa muda mfupi kulikuwa na pole nyingi, na waliosema habari ya mto wakawa kama hawakusema. Halafu mmoja akaandika: ikiwa alikuwa mgonjwa tangu ujana, mke alikuwa wapi asimpeleke mapema? Mwingine akajibu kwamba mke alikuwa anaandika riwaya. Wakaanza kuweka vicheko.

Nilikuwa nimerudi uani, nimeinamia simu. Mama akaniuliza wanasemaje. Ningeweza kumwambia wanatoa pole. Nilimsomea yote, na lile la riwaya nikamsomea mara mbili.

Akauliza kama kile kidude kinachukua sauti. Nikasema kinachukua.

"Kishike."

Nikabonyeza, nikakisogeza karibu na mdomo wake. Alisema taratibu, akiyatafuta maneno ya Kiswahili moja moja.

"Mimi ni mama yake. Mke hakuambiwa. Mimi nilijua, nikaficha, nilitaka mwanangu aoe. Msimseme mke. Nisemeni mimi."

Akanionyesha kwa kidole kwamba amemaliza. Nilimuuliza kama ana hakika, maana ikishakwenda imekwenda. Akaniuliza kama mimi ni mnunuzi wa kusitasita au muuzaji. Nikaituma.

Vicheko kwenye grupu vilikoma. Kisha mmoja akaandika, "Shikamoo mama." Hakuongeza kitu. Akaandika wa pili, na wa tatu, mpaka yule wa riwaya. Nilimsomea mama kila moja, naye akawa anaitika marahaba, marahaba, akiitazama simu ambayo sasa haikuwa inachukua sauti yoyote. Ndani mdogo wangu alikuwa anasikia. Hakutoka.