Kikao cha Mkono Wangu wa Kulia

Najua wapo watu hapa mtaani kwetu Mbagala ambao hadi leo wakiniona wanageuka pembeni kucheka, na siwalaumu, maana si kila siku mtu anatoka ndani kwake akakuta analiliwa. Aibu ni yangu, basi wacha niisimulie mwenyewe, kwa sababu wengine wameshaitia chumvi (eti nilitoka na sanda, uongo mtupu, nilivaa dera la kijani).

Mie ni msusi, nina saluni ya fremu moja. Siku hiyo nilikuwa nimemwosha mteja kichwa, maji ya shampuu yakamwagika sakafuni, nikajiambia nitapiga deki nikimaliza, basi sikumaliza, niliteleza nikatanguliza mkono wa kulia, na nilipoutazama ulikuwa umepinda pale juu ya kiganja kama uma uliolazwa kifudifudi. Nikapakiwa kwenye bajaji nimefunikwa kitenge hadi usoni, nalia kwa sauti ambayo hata mie sikujua ninayo, na nusu ya mtaa ikatoka kutazama.

Hospitali wakauvuta mfupa, wakaurudisha mahali pake na kunifunga hogo, lile plasta jeupe gumu. Sikurudi nyumbani, nilikwenda kuuguzwa kwa Shangazi Mwanahawa, Temeke, kwa sababu mume wangu, Baba Shadya, ni mtu mwema sana lakini hata chai anaiunguza. Kwa hiyo majirani wa Mbagala mara ya mwisho kuniona ndiyo ile ya kitenge usoni.

Wiki iliyofuata nikarudi kliniki. Daktari, binti mmoja mpole, akaitazama picha akatikisa kichwa.

"Mama, huu mfupa hautulii. Tuliuweka vizuri, umeteleza tena ndani ya plasta. Hapa ni upasuaji."

Akanieleza njia mbili. Ya kwanza ni sahani ya chuma, kipande chembamba kinachokaa ndani na kufungwa kwa skrubu kwenye mfupa, unapasuliwa upande wa ndani wa mkono lakini unaanza kuuchezesha mapema. Ya pili ni waya, zinachomekwa kupitia kwenye ngozi bila kupasua sana, unarudi kwenye hogo wiki kadhaa, kisha zinachomolewa, na muda wote huo unaangalia zisiingie uchafu. Nikamuuliza ipi ni bora.

"Mwaka ukipita, mikono ya watu wengi huwa inakaribiana tu. Tofauti ni huku mwanzoni. Wewe ni msusi, unauhitaji mkono mapema, mie ningekuwekea sahani. Ukikubali sasa hivi, kesho unaingia."

Mtu mwenye akili angesema ndiyo. Mie nikasema, "Ngoja nikashauriane na familia kwanza." (Sijui kwa nini. Kwetu ukiulizwa jambo kubwa, hilo ndilo jibu, linatoka lenyewe kama chafya.) Daktari akaniambia nisipitishe Jumatatu, kwani mfupa ukianza kushika vibaya kazi inakuwa ngumu, na mkono huo ndio unaonilisha. Nikamwitikia, nikaondoka.

Familia ikapokea habari kwa furaha, kwa sababu haikuwa imekaa kikao tangu harusi ya Shadya. Mjomba Hashimu akapanda basi kutoka Lindi na wazee wenzake, aje kuwa mwenyekiti. Kabla hajafika tayari kulikuwa na pande mbili. Shangazi alikuwa upande wa sahani, akasema atamleta Rehema, mkaanga samaki wa Temeke aliyewekewa. Baba Shadya alikuwa upande wa waya, naye ana rafiki yake Mponda, dereva wa bajaji, aliyechomekwa waya na sasa anaendesha kama kawaida. Nikampigia simu Baba Shadya: "Jumamosi kodi turubai na viti vya plastiki, sebule haitatosha na jua la Mbagala unalijua." Hapo ndipo nilipojichimbia kaburi.

Jumamosi asubuhi mie na Shangazi tukaingia kwa mlango wa nyuma, nikajilaza kidogo, dawa za maumivu zilikuwa zinanipa usingizi. Huko mbele turubai limesimama, wazee wa Lindi wamekaa na kofia zao, nyuso zimenuna kwa uchovu wa safari, sufuria kubwa la pilau liko mekoni, na Baba Shadya anafagia kimya kimya. Sasa niambieni, nyie mngepita hapo mngefikiri nini?

Bi Tatu, jirani wa mbele yangu, hakufikiri, alijifunga kanga kiunoni akaja analia. Mtaani kwetu ukiona turubai huanzi kuuliza nani, unalia kwanza, jina utalijua hukohuko. Na yeye jina alikuwa nalo tayari, kwani alikuwa ameiona ile bajaji. Haukupita muda wanawake wanaingia na nazi na kuni, vijana wanabeba mabenchi. Ndugu zangu walipoona watu wana majonzi kiasi kile kwa ajili ya mkono, wakashangaa wakafurahi.

"Poleni sana, mzee," mtu mmoja akamwambia Mjomba.

"Tumeshapoa. Ni mipango ya Mungu."

"Na ni lini?"

"Daktari kasema mwisho Jumatatu."

Yule bwana, Muislamu mwenzetu, akabaki na mshangao wake, maiti anakaaje bila kuzikwa hadi Jumatatu, lakini kwa adabu akaenda kusaidia mabenchi.

Mie wakati huo nilikuwa nimeshaamka, niko uani nyuma, nasimamia mashindano. Shangazi alikuwa ameamua kwamba maneno hayatoshi, mikono ijieleze yenyewe, akawapa Rehema na Mponda nazi iliyokunwa, kila mtu kiasi kilekile, wakamue tui kwa ule mkono uliovunjika. Vilio vya mbele nilivisikia, nikadhani kuna msiba nyumba ya pili, nikasema moyoni nikimaliza nitakwenda kuhani. Rehema alikuwa na kovu refu kwenye mkono, Mponda alikuwa na vidoa viwili vitatu tu, wote walikuwa na mwaka na kitu tangu watibiwe. Wakakamua hadi jasho likawatoka. Vikombe vikasogezwa pamoja na tui likawa limelingana, yaani palepale aliposema daktari, na daktari hakuharibu hata nazi moja.

Nikaona niende nikakitangazie kikao mwenyewe. Nikapita sebuleni, nikatokea mlango wa mbele, hogo nimelinyanyua juu.

"Jamani, ngoma droo!"

Mtu mmoja akapiga ukelele, viti vikaruka, kijana mmoja akakumbatia nguzo ya turubai ikang'oka naye, na turubai likawashukia wazee wa Lindi na kofia zao. Wote walikimbia kwenda mbali nami isipokuwa Bi Tatu. Yeye alinijia, machozi yanamtoka, anaita "Mungu mkubwa, Mungu mkubwa!" akanirukia shingoni na mwili wake wote (Bi Tatu si mtu mdogo), na waliomwona akinigusa na mie nisiyeyuke wakarudi nao kunikumbatia. Nikaenda chini. Na kwa sababu mwili haujifunzi, nikatanguliza mkono uleule. Nilisikia kitu kinalia ndani ya hogo kama muwa ukivunjwa gotini, na baada ya hapo sikumbuki nani alinibeba.

Hospitali nikamkuta daktari yuleyule. Akanifungua hogo, mkono umejaa, ngozi imetoa malengelenge. Akatazama picha mpya.

"Familia imeamuaje, mama?"

"Sahani," nikasema.

"Sahani ilikuwa ya juzi. Sasa ni vipandevipande hadi kwenye kiungo, na ngozi hii siwezi kuipasua."

Nikawekewa antena, zile nondo zinazoingia kwenye mfupa na kutokeza nje ya ngozi, kitu ambacho kwenye kikao hakuna hata mmoja aliyekitaja wala kukiletea shahidi. Nililala nayo, nikaoga nayo, na watoto wa jirani walikuwa wanaomba kuishika.

Imeshatolewa. Vidole vinakunja, kiganja kinageuka nusu. Nasuka mistari minene tu, rasta ndogondogo anasuka msichana niliyemwajiri, na wateja wangu wa zamani wanakaa kwenye kiti chake huku wakinitazama mie kwenye kioo. Inaniuma, sitaficha. Bi Tatu kila akinitembelea analia upya, inabidi mie ndiye nimbembeleze.

Nimeapa, mfupa wangu hauitishiwi kikao tena. Mjomba Hashimu alipiga simu majuzi kutoka Lindi, kasikia nina jino linauma, anauliza apande basi la lini. Nikamwambia, "Shikamoo Mjomba, jino nimeshang'oa."