Siku Baba Alipotokea Ukutani Miguu Juu

Nimewahi kumwona baba yangu mzazi akitembea kichwa chini, miguu juu, amevaa aproni yake ya kazi.

Hakuwa amelewa. Mimi pia sikuwa nimelewa. Ilikuwa saa tisa alasiri, na tulioshuhudia tulikuwa watu ishirini na watatu, akiwemo mama yangu, ambaye haongopi hata kumliwaza mgonjwa.

Kaa vizuri nikusimulie, maana kisa chenyewe kilianzia kwenye kabati.

Baba yangu ni fundi viatu. Kibanda chake kipo upande wa pili wa uchochoro, ukitoka tu nyumbani unakiona. Ndani kuna vigoda viwili. Kimoja anakalia yeye. Cha pili kimekaa kitupu tangu nimalize shule, kinanisubiri mimi.

Kila asubuhi anakipangusa vumbi. Anakipangusa tu, halafu ananitazama.

Mimi sasa, viatu na mimi mbalimbali kabisa. Mimi ni mtu wa kufungua vitu. Redio, pasi, saa ya ukutani, vyote nimevifungua. Kufunga ndiko kuna shida kidogo. Mtaani wananiita Injinia, na wakiniita hivyo wanacheka, lakini naitika vilevile.

Siku moja nikaona kwenye simu mtu anaunda projekta kwa mikono yake.

Unachukua kioo cha kompyuta iliyokufa, unakivua mgongo ili mwanga upite. Nyuma unaweka taa kali, mbele lenzi, pembeni feni ya kupoza joto. Vyote unavifungia ndani ya kasha la mbao. Video iliyokuwa kwenye kioo kidogo inatua ukutani ikiwa kubwa kama mlango wa gereji.

Nikasema, hii ndiyo yangu.

Kioo na feni nilivipata kwa fundi kompyuta, alikuwa anavitupa. Lenzi ilikuwa ile ya marehemu babu ya kusomea magazeti. Mbao zilitoka kwenye kabati la mama, lile lenye mguu mbovu.

"Mguu mmoja tu ndio mbovu," mama akasema alipokuta nguo zake zote zimemwagwa kitandani.

"Mama, hii ni sayansi."

"Basi sayansi ije inikunjie nguo."

Kasha lenyewe nilisaidiwa na jirani yetu seremala. Akakata mbao, akapiga randa, akaunga pembe bila msumari hata mmoja. Lilikuwa kasha zuri jamani. Lina kifuniko juu na tundu la duara mbele. Lilikuwa na kasoro moja tu: lilifanana na mzinga wa nyuki kama vile limetumwa.

Mtaa mzima ukapata kazi ya kufanya.

"Injinia, nyuki wameshaingia?"

"Injinia, nilete chupa ngapi za asali?"

Shangazi yangu, dada yake baba, ndiye aliyezidi. Kila akija kwetu anapita ukutaukuta, amejifunika uso kwa mtandio.

"Shangazi, humo hamna nyuki."

"Ndivyo wanavyosema wote. Mimi nikiumwa navimba, mwanangu."

Miezi mitatu nikawa naishi hivyo. Nafunga, nafungua, nafunga. Kila nikiwasha naona ukungu ukutani, basi.

Siku moja baba akaniita kibandani. Alikuwa anatoboa ngozi kwa msharasi, ile sindano nene ya mafundi viatu yenye mpini wa mti. Huo msharasi hautoki kwenye mfuko wa aproni yake. Nadhani hata usingizini anao.

"Jumamosi," akasema.

"Jumamosi kuna nini, Baba?"

"Saa tisa alasiri. Picha ikitokea ukutani, mimi nanyamaza, na hicho kigoda namgawia seremala. Isipotokea, Jumatatu asubuhi unakikalia."

"Saa tisa ni mchana, Baba. Projekta inataka giza."

"Usiku hata kibatari kinang'aa. Nataka mchana."

"Sawa. Utakuja kuangalia?"

Baba akapuliza vumbi kwenye kiatu.

"Mimi? Nije kutazama mzinga? Nina soli za kubandika."

Hapo aliniuma, sitaki kudanganya. Acha kigoda, acha kucheka kwa watu. Nilitaka aje.

Jumamosi nikaamka na kuiua nuru.

Sebule yetu ina dirisha moja la nondo linalotazama uchochoro. Kioo chake nilishakivunja mwaka mwingine nikijaribu antena. Nikaliziba lote kwa maboksi na utepe wa gundi. Mlangoni nikatundika mablanketi mawili. Tundu la ufunguo nikalisokomeza kitambaa. Ukuta unaotazamana na dirisha nikaupaka chokaa ukawa mweupe pee. Nikifunga mlango, nikinyoosha mkono mbele yangu siuoni.

Nilikuwa nimepanga kuonyesha video ya harusi ya dada yangu. Mtaa mzima ulikuwemo kwenye ile harusi, kwa hiyo mtaa mzima ukaja kujitazama. Shangazi alikuja amevaa gauni lilelile la siku ya harusi.

"Ili watu walinganishe," akasema, akakaa mbele, lakini mbali na kasha.

Saa tisa kamili nikabonyeza swichi.

Feni ikanguruma. Mwanga ukachuruzika kwenye kila upenyo wa kifuniko. Ukutani kukatokea doa la kijivu.

Watu wakainamisha vichwa kushoto, kisha kulia.

"Hayo ni mawingu?" mtu akauliza.

"Ni dada yangu," nikasema. "Subirini apate joto."

"Upande upi ni kichwa?"

Kabla sijajibu, harufu ya kuungua ikaanza. Kisha tap! Taa ikapasuka. Feni ikakohoa mara mbili, ikanyamaza.

Giza totoro. Watu ishirini na wawili wanapumua, na mimi.

"Marekebisho madogo," nikasema.

Nikachomoa plagi ili nisipigwe na umeme, nikaingiza mkono ndani ya kasha, nikaungua vidole viwili, nikauma midomo. Nikashika waya fulani nikausokota tu, ilimradi nionekane nafanya kitu. Kichwani naona kigoda. Naona Jumatatu. Naona soli za watu nisiowajua zimepangwa zinanisubiri hadi uzee.

Mara mama akasema, "Eh! Si hiyo hapo?"

Nikainua uso.

Ukutani kulikuwa na picha.

Ya rangi, jamani! Hafifu, lakini kwa macho yaliyozoea giza ilionekana safi. Anga la bluu lilikuwa chini, ardhi juu. Kuku mmoja alikuwa anatembea karibu na dari akidonoa. Katikati kamba ya nguo, na nguo zote zimening'inia kwenda juu.

Watu wakapiga makofi. Nikapiga kelele, "Nilijua mimi! Nilijua!"

"Mbona kichwa chini?" seremala akauliza.

"Lenzi ndivyo zilivyo. Nitaigeuza."

"Na hiyo kaptula yenye viraka si yako?" akauliza shangazi.

"Kaptula zinafanana, Shangazi."

"Viraka vya maua havifanani."

Picha ikakatika. Giza.

"Rudisha!" sebule nzima ikapiga kelele. Nikalipiga kasha kofi. Picha ikarudi! Nikajisikia mtaalamu wa kimataifa.

Safari hii alikuwemo mtu. Mwanaume mwenye aproni, miguu juu, kichwa chini, ameshika kiatu kimoja. Akatazama kulia. Akatazama kushoto. Akapita mama mmoja na ndoo, na yule mwanaume akakigeuza kiatu haraka, akakikagua soli kwa makini kama daktari. Mama wa ndoo alipokwisha kupita, akaanza kunyata.

Watu hoi kwa kicheko.

"Huyu nani huyu anayenyata?"

"Mwizi wa viatu!"

Akazidi kuja, akazidi kuwa mkubwa. Magoti yakagusa dari. Kipara kikajaa ukuta mzima. Halafu giza.

"Rudishaaa!"

Kofi. Picha. Yule mtu amerudi nyuma, anakuna kichwa, anashangaa, anatazama huku na huku kujua wanaopiga kelele wanamtaka nani.

Mama akasema polepole, "Hiyo aproni nimeifua mimi leo asubuhi."

Shangazi akasimama na gauni lake. "Hii siyo harusi. Huyu ni kaka yangu!"

Nikahisi mtu ananivuta shati gizani. Ni seremala. Akaninong'oneza, "Injinia, hiyo iliyo mkononi mwako ni nini?"

Nikapapasa. Ilikuwa plagi. Nilikuwa nimeishika muda wote ule.

"Sasa geuka nyuma."

Nikageuka. Kwenye boksi la dirishani kulikuwa na kitundu kimoja cha mwanga, hakizidi punje ya mtama. Kilikuwa kinawaka, kinazimika, kinawaka. Nikakizungukia polepole, nikaweka kidole. Picha ikafa na watu wakazomea. Nikatoa kidole, baba akarudi ukutani na kiatu chake.

Mwanga wa nje ulikuwa unapita kwenye kile kitundu na kuuleta uchochoro mzima ndani, kichwa chini. Mashine yangu haikuhusika kabisa. Hata bila kasha picha ingekuwepo.

Na kile kitundu kilikuwa cha duara, safi, kimetobolewa na mtu anayejua kutoboa.

Sikupata muda wa kufikiri. Blanketi likafunguliwa na baba akaingia, kiatu mkononi, sura ya mtu aliyekuwa anapita tu.

"Nimesikia kelele. Imetokea?"

"Imetokea!" wakajibu wote.

Ungemwona uso wake. Sijawahi kuuona ukiwa hivyo, hata siku ya harusi ya dada. Akanishika bega, akalitikisa. "Basi. Nilisema nitanyamaza, nanyamaza. Seremala, kigoda chako kipo pale, kachukue."

Hapo ndipo nilipokuwa na nafasi ya kunyamaza pia. Seremala alikuwa ananikonyeza ninyamaze. Lakini ule mkono begani ulinielemea.

"Baba, imetokea, lakini si kwa mashine. Mashine imeungua. Picha imepita kwenye tundu la dirishani."

"Tundu gani?"

Watu wote wakatazama mfuko wa aproni yake, ulikochomoza mpini wa msharasi.

Baba akauficha kwa kiatu. Amechelewa.

"Mume wangu," mama akasema kwa upole ule wa hatari, "saa tisa ulikuwa wapi?"

"Kibandani. Nabandika soli."

"Na aliyekuwa ananyata uchochoroni ni nani?"

"Mlimwona?"

"Tulikuona mpaka kipara!" shangazi akalia kwa kicheko, akakaa chini na gauni la harusi.

Baba alitaka kukasirika, akashindwa. Akacheka mpaka akaegemea kasha langu, na kifuniko kikatoboka.

Watu walipoondoka nikamuuliza, "Kwa nini hukuingia tu, Baba?"

Akajifanya anatafuta kitu mfukoni.

"Ungeshindwa mbele yangu ungeona haya," akasema. "Nikaona bora nikutazame nikiwa nje, kwa jicho moja pale tunduni. Ikishindikana, mimi sijaona kitu."

Nilitamani kumkumbatia. Kwetu hatukumbatiani hovyo, kwa hiyo nikampokea kile kiatu nikamshikia.

Nilikuwa nimeshindwa, na ahadi ni ahadi. Jumatatu asubuhi nikavaa shati la kazi, nikavuka uchochoro, nikaingia kibandani kukikalia kigoda changu.

Hakipo.

Na baba hayupo.

Nikarudi nyumbani nikiwaza kwamba seremala amekuja kukichukua. Sebuleni giza. Kigoda kimewekwa katikati, kinatazama ukuta mweupe wenye ule uchochoro wa kichwa chini, na baba amesimama dirishani, msharasi mkononi.

"Kaa hapo," akasema. "Mimi natoboa, wewe niambie tundu likizidi ukubwa. Halafu utafute namna ya kuwageuza hawa watu wasimame kwa miguu, kuku ananipa kizunguzungu."

Tangu siku hiyo hakuna anayenyamaza nyumbani. Kila mteja anayeleta kiatu anasimuliwa kwamba mimi nilitumia miezi mitatu, kabati na lenzi ya babu, na yeye alitumia tundu moja. Anamaliza kwa kusema, "Huyu ni fundi mwenzangu," na mimi najifanya sisikii ili arudie.

Kasha tuliliweka nje chini ya paa. Wiki mbili baadaye likaingiliwa na nyuki. Kweli kabisa. Shangazi haji tena kwetu bila kupiga simu kwanza, na ana haki.

Ninachowaachia ni hiki. Kuna siku utafanya jambo lako, na yule unayemtaka kuliko wote atasema haji, ana kazi. Usimkasirikie haraka. Ziba madirisha yote utakavyo, lakini kabla hujamlaumu, geuka nyuma utazame kama hakuna tundu linalowaka na kuzimika.