Siku Niliyomsahau Kabula Shambani

Mwanangu, naikumbuka siku niliyomsahau dada yako Kabula shambani. Sikumtupa. Nilimsahau, kama mtu anavyosahau jembe.

Tulikuwa kijijini Zagayu, msimu wa kuchuma pamba, na Kabula alikuwa na miezi minne. Tangu nimzae sikuwa mimi. Usingizi ulinikimbia, chakula hakikupita, na mtoto akilia nilimsikia kama analia kwa jirani. Wengine walisema nimerogwa, wengine uvivu. Aliyenipeleka hospitali Bariadi, kwa baiskeli ya baba yenu, ni mke mwenzangu Minza, ambaye hadi siku hiyo tulisalimiana naye kwa kuogopa watu tu. Daktari akasema huu ni ugonjwa, unaitwa sonona, na unatibika. Akanipa vidonge.

Nikapata nafuu kidogo. Kisha nikasikia kisimani wananiita mke wa vidonge. Nikaona aibu, nikaviacha bila kumwambia mtu. Minza akiniuliza asubuhi, "Umeamkaje?" namjibu, "Salama tu."

Siku ile nilimlaza Kabula kwenye kanga, kivulini pembeni mwa pamba. Nilichuma hadi mchana, nikajitwisha mzigo, nikarudi nyumbani nikakaa.

"Mtoto yuko wapi?" Minza akauliza.

Nikamtazama. Mwanangu, sikujua anamzungumzia mtoto gani.

Alikimbia shambani bila viatu. Alimkuta siafu wameshampanda shingoni, sauti imemkauka. Akamleta, akamwosha, akampa ziwa lake, maana naye alikuwa ananyonyesha. Mimi natazama tu. Niliwaza kwamba wote wangepumzika kama nisingekuwepo, na nikalisema hilo kwa mdomo wangu.

Hakunipiga. Alikaa karibu yangu, Kabula kifuani, akasema, "Mwenzangu, kuanzia leo sikuachi peke yako. Na nikikuuliza umeamkaje, niambie ulivyoamka. Hiyo salama yako nusura ituulie mtoto."

Kesho yake tukarudi Bariadi. Sikupona haraka. Kuna siku kazi yangu yote ilikuwa kuoga na kuota jua. Siku nyingine nilifika kisimani na Minza, basi. Nikimwambia nimeamka vibaya, ananifuata kila niendako, hata chooni anasubiri nje. Ulipita karibu mwaka ndipo nilipombeba Kabula nikahisi ni wangu. Lakini yeye alishazoea kunyamazia mgongoni kwa Minza. Mpaka leo akiumwa, anayemwita ni Minza. Hilo halikurudi, na sitakudanganya kwamba haliniumi.

Nakwambia haya kwa sababu nawe sasa umejifungua, na mara tatu nimekuuliza hali ukanijibu huku umeinamisha uso. Tafuta mtu mmoja, mimi au mwingine, umwambie ukweli kila siku, hasa siku mbaya. Dawa ukipewa, usiiache kwa ajili ya midomo ya watu. Ikikusumbua, mwambie daktari. Fanya kile kidogo unachoweza, hata kama ni kunawa uso tu, na usijitukane kwa kilichobaki. Wazo la kufa likikujia, liseme saa hiyo hiyo, usikae nalo peke yako. Niamshe. Sitakucheka, wala sitashangaa.

Mungu akupe usingizi, mwanangu. Akurudishie hamu ya kula, amlinde huyo mtoto, na asikuache ukae kimya.