Nguruwe wa Mama Paskalina Aliyezima Programu Yangu

Jamani, leo nguruwe kaniaibisha mbele ya mnada mzima hapa Endagikot.

Nimeandika programu ya mzani kwa Java, lugha ya kuandikia programu. Ila kinachosoma mzani ni kipande cha lugha nyingine, C++, nilichoandika mwenyewe kwa kujiamini kabisa.

Nguruwe wakapimwa, uzito ukatokea, watu wakapiga makofi. Mwalimu wa kompyuta nikavimba kichwa.

Akaja Mama Paskalina na dume lake. Lilipopanda tu, programu ikazima. Kimya!

(Java ikikosea hulalamika. C++ ikianguka, inaondoka na Java yote.)

Nikawasha. Likapanda. Ikazima tena.

“Huyo ana mkosi,” mnunuzi akasema, akaanza kuondoka.

Mama akanikazia macho. Nikafungua msimbo wa programu, jasho linanitoka. Kumbe kwenye C++ uzito nimeutengea nafasi ya tarakimu mbili tu, na dume lina kilo mia na kumi na mbili!

Nikaongeza nafasi, likapimwa. Mnunuzi karudi mbio.

Mama akaniuliza kwa upole, “Kwa hiyo mwalimu, ulidhani nguruwe wetu hawanenepi?”

Mnada mzima ukacheka. Nyie mngemjibu nini?